Kitambaa cha Kompyuta Tupu

Simu kutoka zahanati iliingia asubuhi katika ofisi ya watengeneza programu: programu ya kusajili wagonjwa imegoma, foleni ya akina mama imefika barabarani. Toleo jipya lilitegemea kifurushi kingine cha programu ambacho kijana Mkanga, aliyelitoa jana, hakukipandisha mtandaoni pamoja nalo. Kwenye kompyuta yake lilifanya kazi, maana kifurushi hicho alikuwa nacho tayari. Kwa ajili hiyo ofisi ilitunza kompyuta tupu pembeni, isiyo na programu nyingine, ya kujaribia kila toleo kabla halijatoka.

"Ulijaribu pale?" aliuliza Tunu, mkuu wake.

"Nilijaribu, dada."

Tunu akainua simu. "Utuwie radhi, nesi. Kosa ni langu."

Kisha akavuta kitambaa kilichoifunika ile kompyuta. Vumbi la wiki kadhaa likaruka, wote wawili wakapiga chafya. Tunu alimwachia Mkanga kitambaa mkononi.