Nguzo ya Kona

Mwenye duka la kona alitundika ukutani picha ya zamani ya jengo lake, akamwita Georgette aione.

Georgette huuza mikate barazani hapo, kwenye nguzo inayotazama barabara ya Kambove. Mume wake aliondoka kwa barabara hiyo, akafukiwa na udongo huko machimboni, mwili haukupatikana, naye amewakatalia wakwe kumwekea kilio cha matanga.

Pichani watu wote walimtazama mpiga picha. Mwanamke mmoja tu, ameketi kwenye nguzo ileile, alikinga jua kwa mkono akitazama barabara.

“Ni nani huyu?”

“Hakuna muntu anamujua, mama.”

Georgette alipangusa kioo kwa ncha ya kitenge. Uso ulibaki kivuli.

Alitoka, akageuza kigoda chake, barabara ikawa mgongoni. Ndipo akampigia shemeji yake.

“Muweke kilio.”