Komeo la Nje

"Komeo liwe upande wa nje," mume alirudia, akigonga mlango wa mbele kwa kidole.

Fundi seremala, mzee mwenye penseli nyuma ya sikio, alikigeuzageuza kile chuma mkononi. "Bwana mkubwa, kwani mwizi wenu anaishi ndani?"

Mume hakucheka. "Mke wangu ana tabia ya kutoka bila kuaga. Na hizo skrubu ni fupi, mtu akisukuma kwa nguvu zitang'oka." Akashuka ngazi kufuata ndefu garini.

Mke alibaki na skrubu fupi nne kiganjani. Simu yake ilikaa mfukoni mwa mumewe. Kazini alipelekwa na kurudishwa kama mtoto wa chekechea, na mashoga zake walishakoma kuja. Mawifi walimwambia ana bahati, anapendwa kupita kiasi, naye alikuwa akiitikia. Lakini hiki kilikuwa chuma kitupu, hakikukubali kuitwa mapenzi.

"Mzee wangu," alisema, akashangaa sauti yake ilivyotulia. "Nyumba hii niliachiwa na bibi. Liweke ndani."

Fundi alitazama ngazi. "Na hizi fupi?"

"Zitashika mpaka kaka zangu wafike."

Hatua zilipoanza kupanda, skrubu ya mwisho ilikuwa imezama. Mke akasukuma komeo. Fundi akavuta kigoda, akaketi, akamkabidhi simu yake. "Waite, mwanangu. Leo sina haraka."

Kitasa kilitikiswa.

"Nani amefunga?"

"Mimi," mke alisema.