Majina ya Makapu

Enzi wanyama walipokuwa wakiweka akiba pamoja, vitu vyote ghalani vilikaa kapu ndani ya kapu, na kila kapu lilikuwa na jina lake. Nungunungu mbishi alitunga kanuni ya kuyapanga makapu. Kakakuona mpole akatunga yake. Wakagawana ghala, kila mmoja akapanga upande wake kwa kanuni yake, wakanuniana.

Panya Buku, mtafutaji wao wa vitu ghalani, alikariri kanuni ya Nungunungu tu. "Kusoma majina ni kazi ya wageni," alijigamba. "Dawa ni kapu la tatu, basi."

Siku moja mtoto wa Nungunungu alishikwa na degedege, na dawa ya ugonjwa huo ilikuwa upande wa Kakakuona tu. Buku alikimbilia huko, akahesabu hadi kapu la tatu, akarudi na chumvi.

"Mwanangu anakufa!" Nungunungu alilia.

Kakakuona alimshika Buku mkono. "Achana na kanuni yake, na yangu pia. Soma majina."

Buku akasoma kapu baada ya kapu, akaleta dawa. Mtoto akapona.

"Asante, ndugu yangu," Nungunungu alisema huku machozi yakimtoka. "Wewe ndiye uliyeniokolea mwanangu."

"Tumemwokoa sote," Kakakuona alijibu. "Majina yale tuliyaandika mimi na wewe, kabla hatujanuniana."