Picha ya Saba

Picha ya saba ya mgeni wetu ilikuwa kiatu cha binti yangu.

Kilikuwa kimelala juu ya lami, kikubwa kama kitanda kwenye picha iliyomulikwa ukutani. Mkanda wake ulishonwa kwa uzi wa buluu. Niliushona mimi, mbiombio, asubuhi ile ile ya ajali, maana mweusi ulikuwa umekwisha.

“Huu ndio uzembe wa wazazi,” akasema mgeni, mkuu wa idara ya barabara. “Mtoto anavuka peke yake, mama yuko wapi? Katibu, twende mbele.”

Katibu wa klabu ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikibonyeza kompyuta ya picha zake, huku wanachama wakila. Binti yangu yuko wodini, mguu umefungwa plasta hadi nyonga. Sikubonyeza.

Mwenyekiti akaniinamia. “Mama, unajua mgeni hakatizwi hapa. Maswali yanaandikwa kwenye karatasi.”

“Nimeshaandika. Barua tatu, ofisini kwake, kuomba matuta ya barabarani pale shuleni. Mwaka mzima hajajibu hata moja.”

Nikasimama. Wanachama wote wakaacha vijiko.

“Mama yuko hapa, mheshimiwa,” nikasema. “Hebu uliza tena.”