Mbwa wa Kizibo

Dadu ilitua kwenye moja. Mbaruku, aliyekuwa akiwaongoza wenzake katika mchezo huo wa mezani, alikiinamia kitabu cha kanuni.

"Mbwa wako kaanguka, dada Siti."

Akakipindua kifudifudi kizibo cha soda, ambacho ndicho kilikuwa mbwa.

"Nirushe tena, nimwokoe."

"Shujaa ndiye hurusha tena. Mnyama hufa papo hapo."

"Miezi yote hii tukicheza amenilinda!"

"Kanuni, dada. Kimbia, majitu yanakuja."

"Nambeba."

"Ukimbeba hutaweza kukimbia."

"Nani kakwambia nakimbia?"

Siti akakiokota kizibo, akakiweka juu ya kete yake, akavifunika vyote kwa kiganja.

Zamu ilikuwa ya majitu, na Mbaruku ndiye aliyeyarushia dadu. Dadu ilizidi kulowa jasho mkononi mwa Mbaruku.