Sala ya Mwisho ya Mwalimu Ochir

Mlango wa chumba cha mwisho ulifungwa usoni mwa Mingian, na aliyeufunga alikuwa padri.

Mingian akabaki ameduwaa kwenye korido ya hospitali, joho lake jekundu mwilini, tasbihi mkononi. Humo ndani alikuwa anakata roho Mwalimu Ochir, mtawa wa Kibudha mkongwe kuliko wote katika mji mzima wa Elista, huko Urusi. Na aliyeingia kukaa naye ni Baba Arkadi wa kanisa la Kiorthodoksi, na midevu yake, na msalaba wake kifuani. Jamani, dunia ina mambo.

"Mwalimu amesema usiingie, mzee wangu," nesi Tsagan alimwambia huku akiangalia chini. "Amesema padri tu."

"Alisema mtu yeyote asiingie, au mimi?"

"Alikutaja kwa jina."

Mingian aligeuza mgongo. Alikwenda kwenye kile kichumba chao cha mapumziko akajibwaga kitini.

Nasema chao kwa sababu kilikuwa cha wawili. Miaka na miaka yeye na Arkadi walikuwa wakiwafariji wagonjwa wa hospitali ile, huyu Wakalmiki wenzake wa Kibudha, yule Warusi wake. Kona moja ilikaa sanamu ya Budha, nyingine picha ya Bikira Maria, na katikati birika moja la chai ya maziwa, chumvi na siagi. Arkadi alimwita Upara, naye Mingian akamwita Ndevu. Mmoja akiugua, mwenzake aliwashika mikono wagonjwa wa wote wawili. Kipupwe kile Arkadi alikuwa hata ameomba kufundishwa sala za Kibudha, na Mingian akamfundisha kwa moyo mkunjufu, akiucheka ulimi wake mzito. Sasa alijiona bwege. Kumbe mtu alikuwa anakuja kuchungulia zizi kabla ya kuiba.

Na kama angemwiba mtu mwingine yeyote, isingemuuma Mingian hivi. Mingian alizaliwa Siberia, wakati taifa zima la Wakalmiki lilipopelekwa uhamishoni huko na serikali, kwa nguvu. Baba yake alitoka kijijini bila kibali cha kamanda wa askari kwenda kutafuta unga, akakamatwa, hakuonekana tena. Mama naye hakumaliza mwaka, akafa. Ni Ochir, kijana wa nyumba ya jirani, aliyemchukua yule mtoto, akamlea, akamfundisha sala kwa kunong'ona ndani ya blanketi ili askari wasisikie. Ni Ochir aliyemnyoa nywele siku alipoingia utawa. Tangu siku hiyo Mingian alijua kwamba saa ya Mwalimu ikifika, atakayeinama sikioni mwake kumsomea maneno ya kumvusha ni yeye. Wao huamini kwamba yanayosikika dakika ile ndiyo yanayompeleka mtu aendako. Akisomewa mengine, amepotea njia, na hakuna wa kumrudisha.

Arkadi aliingia, akajimiminia chai.

"Umembatiza?" Mingian aliuliza.

"Tunywe chai kwanza, Upara."

"Nimekuuliza, umembatiza Mwalimu wangu?"

"Aliyoniambia ni yake. Sina ruhusa ya kuyatoa."

"Ahaa. Basi ngoja nikuambie, kwa kuwa nilisahau kukufundisha hili. Kwetu anayemsomea mtu sikioni ni yule asiye na kinyongo naye hata chembe. Mtu akiwa na lake moyoni, anamvuruga anayeondoka. Sasa niambie, ni nani asiye na kinyongo na mzee yule kunishinda mimi? Wewe uliyemjua juzi?"

Padri aliiweka chai yake mezani kabla hata ya kuionja.

"Nenda nyumbani, Mingian," alisema. "Nakuomba."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu wafahamiane. Mingian aliona hiyo ndiyo talaka yenyewe. Rafiki amemzunguka, amemchukulia mzazi wake mchana kweupe, na sasa anamfukuza kwa adabu.

Haikupita saa, Arkadi akaitwa wodi ya juu kwa bibi mmoja wa Kirusi aliyezidiwa. Tsagan naye alikuwa amekwenda kuchukua dripu. Mingian akatembea hadi chumba cha mwisho, akasukuma mlango.

Jambo la kwanza alilotafuta ni msalaba. Haukuwepo shingoni, wala kwenye mto wa kulalia, wala ukutani. Mikononi mwa mzee kulikuwa na tasbihi yake ya siku zote, na vidole vikizihesabu punje polepole. Macho yake yalikuwa yameshapofuka zamani, lakini aligeuza kichwa aliposikia hatua.

"Baba Arkadi? Umewahi kurudi."

Mingian alisogea kando ya kitanda.

"Haya, nisomee tena ile sala yetu ya Kibudha," mzee alisema, akahema. "Unaikwaruza kama mkokoteni mbovu, lakini maneno ni yale yale. Yatanifikisha."

 Mingian aliishika nguzo ya kitanda, akaona aibu iliyomwosha mwili mzima. Ndevu hakumbatiza mtu. Ndevu alijifunza sala za watu kipupwe kizima, akachekwa, akatukanwa, na hakujitetea kwa neno. Mingian alijifuta machozi kwa pindo la joho. Akainama taratibu hadi sikioni mwa Mwalimu, akavuta pumzi aisome ile sala yeye mwenyewe, kwa ulimi wa Kikalmiki, jinsi inavyopaswa kusomwa.

"Na yule mtoto msimwachie aingie, hata akilia mlangoni," mzee akaongeza. "Anaweza kunisomeaje, Baba, na mimi ndiye niliyekwenda kwa kamanda kumtaja baba yake?"