Foleni ya Trevor

Duka lilitoa sharti: usiponunua santuri mpya ya Trevor, aliyoipiga peke yake bila bendi yake ya zamani, hupangi foleni ya saini. Watu wakajaa mpaka barabarani. Trevor, na miaka yake sabini na mbili, akajiambia mji wake wa Leeds haujamsahau.

Lakini kila aliyefika mezani alichomoa ile ya zamani, ya bendi, pembe zimechakaa.

"Huu ndio ulikuwa muziki, mzee wetu! Tia saini hapa."

Wa mwisho alikuwa bi kizee aliyekumbatia ile mpya, nailoni yake haijachanwa. Trevor akainua kalamu.

"Afadhali wewe, mama! Nikuandikie jina gani?"

"Mimi napita tu, mwanangu. Zimejaa kwenye pipa la taka hapo nje, nikaona niwarudishie wenyewe."